Siku Msitu Ulipofagiwa

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa huko nyuma, mmeitikia au mmepiga miayo? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kale ile ambayo watu walijua kila kitu, tofauti na leo ambapo ni nyinyi tu mnaojua kila kitu, palikuwa na kisiwa. Kisiwa kilikuwa na vijiji viwili, kimoja huku na kimoja kule. Katikati msitu. Na juu ya msitu mlima mrefu, mwembamba, umelala kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Watu wakauita Mgongo. Hawakujisumbua kutafuta jina jingine.

Kutoka huku kwenda kule, ni kwa miguu. Unaingia msituni, mizizi inakushika vidole. Unapanda, unapanda, kima wanakucheka. Unapanda tena, unatokea juu ya Mgongo, upepo unakuvua kofia. Unautembea Mgongo, kushoto bonde, kulia bonde. Kisha unateremka, unateremka, mpaka kijiji cha kule. Safari ya asubuhi mpaka alasiri, kwa mtu mwenye miguu yake.

Shida ilikuwa njia panda. Msitu ule ulijaa njia panda. Njia za watafuta kuni, njia za nguruwe, njia za watu waliokufa zamani wakasahau kuondoka na njia zao. Zote zinafanana. Moja inakufikisha kwa wakwe, nyingine inakufikisha kwa marehemu babu yako.

Ndiyo maana watu wa kisiwa kile walikuwa na desturi. Ukifika njia panda, unakata tawi bichi, unalilaza kwenye njia isiyokwenda. Basi. Anayekuja nyuma akiliona anajua, huku siko. Tawi likikauka, anayepita analaza jingine. Na tawi lililolazwa halirukwi.

Sasa katika kijiji cha huku alikuwepo mama mmoja mzee, jina lake Bi Kidawa. Goti moja bovu, ulimi mzima. Alikuwa akienda msituni kuchuma ukindu wa mikeka, na kila akipita, anabadilisha matawi. Kwa! anakata. Fya! analaza. Anaendelea. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshukuru pia, maana watu walikuwa na shughuli zao.

Wakimwona wanamtania. "Bi Kidawa, unawafungia majini njia?"

"Namfungia atakayepita."

"Nani huyo?"

"Simjui. Ningemjua ningemwambia kwa mdomo."

Kijiji hicho hicho kilikuwa na Jumbe, Jumbe Vuai. Mtu mkubwa. Mkubwa wa cheo, mkubwa wa tumbo, na kilemba chake kilihitaji watu wawili kukifunga. Njia ya Mgongo aliipita mara moja tu maishani mwake, amebebwa kwenye machela, amelala, anakoroma. Tangu siku hiyo, mtu akiitaja njia ile barazani, Jumbe anainua kidole. "Njia ile naijua mimi." Na watu wanaitikia, "Anaijua, anaijua." Ungefanya nini? Kahawa ilikuwa yake.

Jumbe alikuwa na binti mmoja tu, Mwanashaha. Mwanashaha aliposwa na kijana wa kijiji cha kule, anaitwa Faki. Wazazi walikubaliana mahari, wakakubaliana siku, wakakubaliana ng'ombe wa kuchinjwa. Bahati nzuri, Mwanashaha na Faki nao walikuwa wanapendana sana, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuwauliza.

Lakini watu wa kule walikuwa na sharti. Kwao bibi harusi huingia nyumbani kwa mume jua likiwa bado lipo. Jua likizama hajafika, anarudi kwao, na harusi inangoja mwaka mwingine. Mwanashaha alilijua sharti hilo. Wiki nzima hakulala vizuri, anaogopa mvua, anaogopa homa, anaogopa kiatu kukatika. Masikini, hakujua kwamba alipaswa kumwogopa baba yake.

Maana Jumbe alikaa akafikiri. Huwa hivyo, msiba huanza mtu mkubwa anapokaa akafikiri. Akasema, "Bibi harusi hufagiliwa njia. Mwanangu mimi hatapita kwenye majani na vijiti kama mchuma ukindu."

Watu wakasema, "Jumbe, njia ni ndefu. Ni msitu ule."

"Basi fagieni msitu."

Mmenisikia vizuri? Fagieni msitu. Na wao wakaenda! Vijana wamebeba fagio na mapanga, wanafagia msitu. Shwa, shwa, shwa! Jani likianguka, wanalifagia. Jingine linaanguka nyuma yao, wanarudi. Shwa, shwa! Kima juu ya miti wakanyamaza kabisa, hawajawahi kuona ujinga wa namna hiyo bila kulipia kiingilio.

Wakafika njia panda ya kwanza, wakakuta tawi limelala. "Uchafu huu," wakasema, wakalitupa. Kwa kuwa Jumbe hakuwaambia njia ipi, wakafagia zote mbili. Njia panda ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ikawa ile ya kweli na ile ya uongo zote zinang'aa. Juu ya Mgongo, kwenye njia panda ya mwisho, walifagia ya kushoto kidogo tu, ukungu ukawazidi, mikono ikawauma, wakasema inatosha, wakarudi. Uvivu wao ndio uliowaponya, kama mtakavyosikia.

Siku hiyo Bi Kidawa alikuwa ndani na goti lake, limevimba, ameliwekea majani ya moto. Hakujua kitu. Asubuhi ya harusi akatoka na fimbo yake kwenda kuangalia watu wakiondoka. Pembeni ya kijiji akakuta rundo kubwa la majani na matawi. Akainama, akaokota tawi. Akaliangalia pale lilipokatwa. Mkono wake mwenyewe ndio uliolikata.

Akaenda kwa Jumbe moja kwa moja. Jumbe alikuwa amesimama, watu wawili wanazunguka na kilemba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jumbe, njia imevuliwa nguo. Nipe siku moja nizifunge zile za uongo."

"Siku moja? Jua litanisubiri siku moja? Bibi, miaka yote umetupia takataka njiani na tumekunyamazia kwa heshima ya mvi zako. Leo nimesafisha."

"Basi niende mbele yenu."

Jumbe akacheka, tumbo likacheka nalo. "Na goti hilo? Tutafika harusi ya mjukuu! Kaa nyumbani, Bibi. Njia ile naijua mimi."

Bi Kidawa hakubishana. Mtu anayefungwa kilemba hasikii, masikio yamefunikwa. Akachukua panga lake dogo, akachukua fimbo, akaingia msituni nyuma yao.

Msafara ukaondoka. Mbele ngoma, ndu! ndu! ndu-ndu! Nyuma ya ngoma Jumbe na joho lake. Katikati Mwanashaha, amejifunika shela mpaka kope, anatembea kwa miguu yake, na wanawake wamemzunguka. Nyuma wapishi na mbuzi wawili ambao hawakuulizwa maoni. Na watu wote wanaimba:

*Njia twaijua, twaijua!*
*Nyeupe hiyo, twaijua!*

Wakafika njia panda ya kwanza. Njia mbili, zote safi. Ngoma ikasimama. Watu wakamtazama Jumbe. Na msishangae. Wengi wao walikuwa wakipita pale maisha yao yote, lakini walizoea kuangalia tawi. Njia yenyewe hawakuwahi kuiangalia.

Jumbe akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akachagua ile pana. Ndu! ndu! ndu-ndu! *Njia twaijua, twaijua!* Wakatembea, wakatembea, wakapita kinamasi, wakapoteza kiatu cha mpiga zumari, wakazunguka, wakatokea... njia panda ya kwanza. Pale pale.

"Nilitaka muizoee," Jumbe akasema.

Bi Kidawa yeye alishapita. Alikuwa mbele tayari, ng'wi, ng'wi, ng'wi, goti linalia, fimbo inagonga. Haendi mbio. Haimbi pia, kwa hiyo pumzi anayo. Wao walikuwa wakisimama kula, wakisimama kurekebisha kilemba, wakisimama kugombana ni nani aliyesema kulia. Yeye hakusimama hata kulaza tawi mpaka alipotokea juu ya Mgongo, maana chini ukipotea unarudi, juu hurudi.

Juu kule ukungu ulikuwa umeshuka. Ukungu ule mzito, mtu ananyoosha mkono hauoni. Na pale juu ndipo penye njia panda ya mwisho, mbaya kuliko zote. Ya kulia, nyembamba, ina mawe, inakwenda kwa wakwe. Ya kushoto, pana, tambarare, tamu kwa miguu, inakwenda kwenye Genge. Genge halina mzaha. Njia inakwenda, inakwenda, kisha inaacha kwenda, na chini yake kuna mawe na bahari.

Bi Kidawa akakata tawi, kwa! Akalilaza kwenye ya kushoto, fya! Akakaa pembeni kupumzisha goti.

Ndu... ndu... ndu-ndu. Ngoma inakuja, imechoka. Jumbe akatokea kwenye ukungu, joho limeloa, kilemba kimeelekea sikioni. Jua hulioni, lakini kila mtu alijua linateremka. Akaona njia mbili. Akaona tawi.

"Nani katupa uchafu kwenye njia ya mwanangu?"

"Mimi," Bi Kidawa akasema. "Umepotea, Jumbe?"

"Mimi? Sijapotea. Njia ndiyo imepotea."

"Sawa. Basi kaeni muisubiri irudi."

Watu wakacheka. Hapo Bi Kidawa alikosea, na mimi nampenda lakini nitasema. Mtu mwenye cheo usimchekeshee watu akiwa ameloa. Jumbe akakasirika, akalipiga tawi teke. Likaenda.

Bi Kidawa akainuka. Kwa! Akakata jingine. Fya! Akalaza. "Jumbe, huku siko."

Jumbe akalitupa kwa mikono yake. "Jua linakwenda! Watu wangu, pigeni ngoma! Kushoto!"

Bi Kidawa akatafuta tawi la tatu. Halikuwepo la karibu, yote yalikwisha kukatwa na wale wafagiaji hodari. Akaangalia huku, akaangalia huku. Akatandika kanga yake. Akajilaza chini, katikati ya njia ya kushoto, matopeni, amekingama, kichwa upande huu na miguu upande ule. Akafumba macho.

Ngoma ikasimama. Hata mbuzi walisimama.

Na nyinyi mnajua, hata mkijifanya watu wa mjini. Mtu aliyelala harukwi. Mtoto harukwi, mgonjwa harukwi. Na mzee? Mzee aliyelala ukimruka, hata mama yako aliyekuzaa atahama upande wa barabara akikuona. Kulia kwake bonde, kushoto kwake bonde, njia ameijaza yote. Hakuna pa kumzunguka.

"Bibi, inuka," Jumbe akasema.

"Nimechoka."

"Nakuamuru!"

"Niamuru. Mimi nalala."

"Vijana! Mwinueni!"

Vijana wakatazamana. Mmoja akakumbuka ana mwiba mguuni. Mwingine msuli wake ukalegea ghafla. Wa tatu akasema yeye kwa kweli ni mpiga zumari tu, amekuja na kiatu kimoja, asihusishwe.

Mwanashaha alikuwa amesimama nyuma. Muda wote anasikia jambo moja tu kichwani, jua, jua, jua. Alimpenda Faki. Akimfuata baba yake sasa hivi, huenda akafika. Akikaa hapa, atangoja mwaka, na nani ajuaye mwaka una nini. Akasogea, akajifunua uso mbele za watu, akachuchumaa.

"Bibi, mbele kuna nini?"

Bi Kidawa akafumbua jicho moja. "Mbele hakuna kitu, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Mwanashaha akamwangalia. Mama mzee, baridi imemshika, midomo imekuwa ya majivu, goti limevimba kama boga. Akajiuliza, mtu gani analala matopeni kwa ajili ya utani? Machozi yakamtoka. Akakaa chini kando yake, na nguo zake za harusi, pale pale kwenye tope.

"Mwanashaha! Inuka! Unanivunjia heshima!"

"Baba," akasema, "nikichelewa nitalia mimi. Nikikufuata utalia wewe."

Basi wanawake wakakaa. Wapishi wakakaa. Mpiga ngoma akageuza ngoma, akaikalia. Jumbe peke yake akabaki amesimama, mikono nyuma, anatazama ukungu kana kwamba yeye ndiye aliyeuagiza. Kukaa hakai, kwenda haendi. Mwenye akili angegeuka kulia, lakini kulia ndiko alikosema yule kikongwe.

Wakakaa. Wakakaa. Mwanashaha amemfunika Bi Kidawa kwa shela yake ya harusi, anamsugua mikono. Jua linateremka huko lilipo. Analia kimya kimya, hafichi.

Kisha upepo ukaja kutoka baharini. Vuuu! Ukungu ukafunguka kama mtu anavyovuta pazia. Watu wakaiona njia ya kushoto. Alama za fagio, shwa shwa, shwa shwa, zimefika nusu. Kisha majani kidogo. Kisha jiwe moja. Kisha hewa. Na chini, mbali, mawimbi yanapiga mawe, pwaa... pwaa...

Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akatapika.

Jumbe akawageukia watu. Akasema, "Nilitaka muone bahari."

Bi Kidawa akanyoosha mkono ainuliwe. Sasa vijana wote miiba iliwatoka, wakamkimbilia. Viungo vyake vikalia, ko! ko! ko! "Twendeni," akasema. "Nimeloa, nina njaa, na wali wa watu unapoa."

Akatangulia, fimbo mbele, Mwanashaha amemshika kiwiko. Ngoma haikupigwa. Wakateremka, wakateremka, njia nyembamba, mawe yanateleza. Walipofika kijiji cha kule jua lilikuwa limezama kitambo, mawingu yamebaki na wekundu kidogo tu.

Watu wa kule walikuwa wamesimama nje. Mzee Makame, baba yake Faki, yuko mbele, mkavu wa maneno. Faki nyuma yake, kainamisha kichwa. Vigelegele hakuna.

"Jumbe Vuai," Mzee Makame akasema, "jua limezama."

Na sasa msikilizeni Jumbe. Mtu huyo mdomo wake haukumwangusha hata mara moja. "Mzee mwenzangu," akasema, "lawama si yangu. Tungefika mapema sana. Ni huyu kikongwe! Juu ya Mgongo akajilaza njiani, akakataa kuinuka, akatuzuia alasiri nzima. Hebu muulize mwenyewe!"

Mzee Makame akamgeukia Bi Kidawa. "Ulilala wapi, Bibi?"

"Juu. Njia ya kushoto."

Nyuma ya Mzee Makame mama mmoja akashika mdomo. Maana kijiji cha kule kilijua njia ya kushoto. Zamani, msafara wao ulikwenda kuzika kijiji cha huku, na wakati wa kurudi wakaingia kwenye ukungu. Dada yake Mzee Makame alikuwemo. Waliopatikana walipatikana pwani. Yeye hakupatikana.

Mzee Makame akavua viatu. Akamwendea Bi Kidawa, akamshika mikono yote miwili, mikono ya matope, akaishika kifuani kwake. "Mmechelewa?" akasema. "Nani kasema mmechelewa? Mmefika mapema. Wapo ambao tunawasubiri mpaka leo."

Hapo vigelegele vikapasuka, riririririi! Faki akasahau adabu zote, akakimbia, akamshika Mwanashaha mkono mbele ya wazee. Bi Kidawa akaketishwa kwenye kiti cha mama wa bwana harusi, goti lake juu ya mto, sinia mbele yake. Akala. Wanasema alikula vizuri sana.

Jumbe naye akaketi, akaanza kutabasamu, akaona kesi imekwisha. Lakini Mzee Makame hakuwa amemaliza.

"Neno moja," akasema. "Njia ile siku zote hulazwa tawi. Mimi mwenyewe nimeliona mwezi uliopita. Nani kaliondoa?"

Watu wa msafara wakatazama wali. Vijana wa fagio wakatazama vidole vya miguu. Bi Kidawa aliendelea kutafuna. Mwanashaha akafungua mdomo, kisha akamwangalia baba yake, akaufunga. Kila mtu pale alikuwa na jibu, na kila mtu alimwachia mwenyewe.

Jumbe akagusa kilemba. Akamwangalia binti yake, matope yamemkaukia mpaka kiunoni, yuko hai, mkono wake umo ndani ya mkono wa mumewe. Kilemba kikateleza, na hakukishika.

"Mimi," akasema.

Jumbe Vuai alihutubia kijiji chake miaka mingi, hotuba ndefu, na hakuna anayekumbuka hata moja. Neno hilo tu ndilo lililobaki.

Najua mnangoja funzo. Haya, chukueni: anayekulalia njiani, kabla hujamtukana, muulize ameona nini mbele. Bi Kidawa hakuwa na muda wa kueleza zaidi, na mimi pia sina.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeiona fupi, atunge yake, tutamsikiliza tukipiga miayo.